Falaji Bila Maji

Waliniagiza maji.
Barua ya makumbusho ilisema wazi: dakika kumi na mbili,
falaji ikitiririka, alfajiri, pasiwe na gari wala mtu;
tutaisikilizisha chumba cha giza, wageni wakae sakafuni.
Wakalipa nusu.

Basi nimetoka Maskati saa nane za usiku
na betri sita, maikrofoni mbili za hewani, moja ya majini,
ile iliyovishwa mpira kama kidole kilichojikata,
hadi Heili ya Sidri, nyuma ya Nizwa,
na falaji ni kavu.

Si kavu ya jana. Kavu ya miaka minne.
Ghaniya bint Saud, anayeniongoza kwa tochi ya simu,
ananiambia kwa Kiswahili cha Wete alichonyonya kwa mamaye:
"Hukuuliza? Ungeuliza."
Anafundisha hesabu. Ana haraka.
Kengele ya shule ni saa moja.

Nilitaka kugeuza gari.
Nikakaa ukingoni, nikaishusha ile ya majini
mferejini, juu ya vumbi,
kwa ukaidi tu, au kwa kuwa ile nusu nilishaila,
nikavaa hedifoni.

Kwanza, mimi.
Tumbo langu, mate yangu, pumzi ikipita puani,
ndevu zikikwaruza kola.
Anayerekodi ukimya huanza kwa kujirekodi.
Kisha nikapoa, nikapungua,
na mfereji ukafunguka:

kwaru, kwaru, mjusi juu ya chokaa iliyobanduka;
ta
ta, jiwe likinywea kwa baridi;
kuti la mtende likifagia pasipo na cha kufagiwa;
na chini ya hayo, chini kabisa,
mmm
mmm
kama mtu anayeitikia jambo asilolipenda.

Nikampa Ghaniya hedifoni.
Alifumba macho. Akazivua upesi, kama zimemchoma.
"Pampu ya Mutasim. Kule, kwenye majani ya ng'ombe.
Haizimwi mchana wala usiku."
Kule ni mwendo wa robo saa.
Sauti imekuja kwa miguu, ndani ya ardhi,
imepita mle mle yalimopita maji.

Akakaa. Kengele ya shule akaisahau kidogo.
Zamu yetu, akasema, ilikuwa kila usiku wa nane.
Wengine walitazama nyota, wengine saa ya mkononi.
Mama alilala mlango wazi.
Maji ya jirani yalipita yakisema chururu, chururu,
yakigeuzwa kuingia kwetu yakasema bwa, bwabwa,
naye yuko wima, jembe mkononi, usingizi bado usoni.
Falaji ilipokufa aliendelea kuamka.
Kila usiku wa nane.
Akiamshwa na kisicholia.

Sikio halilali na njaa, tunasema.
La mama yake lililala nayo miaka miwili,
kisha likazikwa nayo.

Betri ikaisha. Nikaenda garini kuchukua nyingine,
nikachelewa, sijui kwa nini, nikitazama mlima ukipata rangi.
Nikarekodi dakika kumi na mbili za mfereji mtupu,
adhana, jogoo mmoja mwenye mafua,
mkanda wa gari la Ghaniya ukilia akiondoka.

Nyumbani, Maskati, kiyoyozi nimekizima, nasikiliza.
Betri iliyoisha ni ya zile za hewani.
Ile ya mferejini haikuwahi kuzimika.
Hatua zangu zinakwenda mbali.
Goti linagusa changarawe.
Kisha mdomo, karibu mno, mdomo wa mwalimu wa hesabu:
chururu,
chururu,
kimya kidogo, anavuta pumzi,
bwa. Bwabwa.

Sekunde kumi na nne.
Chini yake pampu inaitikia.

Chumba cha giza wangeyaamini, maji hayo.
Nimeyakata, nimeyarudisha, nimeyakata tena.
Barua ya pili inauliza nimefikia wapi.
Nusu yao bado wanayo.
Leo ni usiku wa nane, nikihesabu kutoka siku ile,
nami nimeacha mlango wazi.